Fuwele yako haijachoka: ina joto ambalo kidhibiti hakilioni

"Shikamoo mwalimu. Nasoma uzamili wa fizikia, na kazi yangu inahitaji mwanga wa kijani wa nanomita 532. Tunaupata kwa kupitisha leza ya faiba ya nanomita 1064, wati 10 mfululizo, kwenye fuwele ya PPLN (lithiamu niobeti iliyogeuzwa mwelekeo kwa zamu) yenye oksidi ya magnesi. Fuwele ina urefu wa milimita 20 na unene wa milimita 1, na iko ndani ya tanuri dogo. Nilitafuta joto linalofaa nikitumia wati 1, kama maelezo ya muuzaji yanavyoelekeza, nikalipata kwenye nyuzi 47.3. Nikipandisha mpaka wati 10, doa la kijani linawaka kwa nguvu mara moja kisha linafifia. Mita inatulia kwenye wati 2 hivi, na baada ya nusu saa imeshuka hadi 1.6. Muda wote huo kidhibiti kinaonyesha 47.30 bila kutikisika. Nikishusha tanuri hadi 46.6 napata wati 2.6. Lakini nikizima leza kwa dakika kumi na kuiwasha tena kwenye 46.6 hiyo hiyo, naanza na wati 1 tu, halafu inapanda polepole mno. Muuzaji anasema fuwele imechoka, ninunue nyingine. Msimamizi wangu anasema nilegeze fokasi ili joto lipungue. Nimfuate nani?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili ulale vizuri: usinunue fuwele nyingine kwa sasa. Ushauri wa msimamizi wako una faida, ila faida yake iko mahali pengine, tutafika huko.

Namba inayonipa moyo katika maelezo yako ni ile 2.6. Fuwele iliyoungua utando wake, yaani tabaka jembamba lililopakwa kwenye nyuso zake, au iliyopasuka ndani, haikurudishii wati nzima kwa sababu tu umeshusha tanuri kwa nyuzi 0.7. Kwa wati 10 za infraredi na milimita 20 za PPLN, kitu cha kati ya wati 2.5 na 3 ndicho unachostahili kupata, nawe umekipata. Kinachokusumbua ni kwamba joto unalolisoma kwenye kidhibiti na joto linalofanya kazi ndani ya fuwele hayalingani, na tofauti yake inabadilika kila unapofungua shata, yaani kizuizi cha mwale.

Tuone kwanza kijani kinavyozaliwa. Mwanga mkali wa 1064 unapopita kwenye fuwele ya aina hii, kila kipande cha njia yake kinatoa mwanga kidogo wenye masafa maradufu, yaani 532. Shida ni kwamba rangi hizi mbili hazisafiri kwa mwendo mmoja ndani ya fuwele, kijani kinachelewa. Kijani kilichozaliwa mwanzoni kikifika katikati kinakutana na kijani kinachozaliwa hapo, na kama mawimbi yao hayaendi sambamba, yanafutana. Ni kama wavuvi wanaovuta juya: wakivuta kwa wimbo mmoja wavu unakuja ufukweni, lakini watu walewale, kwa nguvu zilezile, kila mmoja akivuta kwa wakati wake, wavu haujongei. PPLN inamaliza tatizo hilo kwa ujanja. Mwelekeo wa fuwele umegeuzwa juu-chini kwa zamu, kila mzunguko ukiwa na urefu wa karibu mikromita 6.9, ili kila mawimbi yanapokaribia kupingana, fuwele igeuke na kuyaweka sawa. Katika milimita zako 20 kuna mizunguko kama 2,900.

Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipofanya jambo hili kwa mara ya kwanza mwaka 1961, kwa leza ya rubi ya nanomita 694.3 na kipande cha kwatzi, hawakuwa na njia yoyote ya kulinganisha fezi, yaani kuyafanya mawimbi yaende sambamba. Doa la nanomita 347.2 walilopata kwenye bamba la picha lilikuwa hafifu kiasi kwamba wakati wa kuchapishwa lilifutwa kwa kudhaniwa ni uchafu, ukabaki mshale unaoonyesha mahali patupu. Leo wewe unalalamikia wati 1.6, na una haki ya kulalamika, kwa sababu ulinganifu wa fezi unaokupa wati hizo ndio huohuo unaoharibiwa na joto dogo sana.

Dogo kiasi gani? Ndani ya milimita 20 kijani kina mawimbi kama 84,000. Kosa lililojilimbikiza toka mwanzo hadi mwisho wa fuwele likifika nusu ya wimbi moja, umeshapoteza zaidi ya nusu ya kijani chako. Likifika wimbi moja kamili, hesabu ya mwale ulionyooka inasema kijani kinatoweka kabisa. Wimbi moja kati ya 84,000! Joto linabadilisha mwendo wa rangi zote mbili, ila linabadilisha wa kijani zaidi, na ndiyo maana PPLN ya urefu huu ina nafasi ya nyuzi 1.2 hivi tu, ukipima toka nusu ya kilele upande mmoja hadi nusu ya kilele upande wa pili. Fuwele ya milimita 10 ingekuwa na nafasi mara mbili ya hiyo. Urefu unaokupa kijani kingi ndio unaokubana kwenye joto.

Sasa joto lenyewe linatoka wapi ikiwa tanuri limetulia? Linatoka kwenye mwanga. Hakuna fuwele inayopitisha kila kitu. Lithiamu niobeti yenye magnesi hufyonza infraredi kidogo sana, tuseme asilimia 0.2 kwa kila sentimita, lakini kijani inakifyonza mara kumi ya hapo, asilimia 2 hivi kwa sentimita. Vipande hutofautiana, hata vya muuzaji mmoja. Chukua wati 2.5 za kijani pale mwisho wa fuwele: miliwati 50 zinabaki ndani kwa kila sentimita, na infraredi inaongeza miliwati 15. Ungeziweka kwenye kidole usingezihisi. Ila hapa zimemwagwa kwenye uzi wa mwanga wenye nusu-kipenyo cha mikromita 30 hivi, ndani ya kitu kinachopitisha joto vibaya: lithiamu niobeti ina wati 4 hadi 5 kwa mita kwa kelvini, wakati shaba ina karibu 400. Nimekupigia hesabu kwa fuwele ya unene wako. Pale mwisho, katikati ya mwale, kuna karibu robo tatu ya nyuzi juu ya joto la ukuta. Pale mwanzo, ambako kijani bado hakijazaliwa, kuna robo nyuzi tu.

Sasa linganisha hiyo na nafasi yako ya nyuzi 1.2. Kwa wastani njia ya mwale iko nusu nyuzi juu ya kile ambacho kidhibiti kinakuambia, na kidhibiti hakidanganyi, kwa kuwa kihisi chake kimefukiwa ndani ya chuma milimita kadhaa kutoka kwenye mwale. Kinapima tanuri, na tanuri kweli liko 47.30. Wewe ulitafuta 47.3 kwa wati 1, wakati kijani kilikuwa makumi machache ya miliwati na fuwele haijui joto. Ulipopanda hadi wati 10, kilele hakikubaki pale ulipokiacha, kilihamia chini kwenye kipimo cha tanuri. Maelezo ya muuzaji hayajakosea, yameishia njiani tu.

Kabla ya kuangalia kipimajoto, ningependa uangalie saa. Kasi ya kushuka inakuambia nani mkosaji kuliko namba yoyote ya kwenye kidhibiti. Kwa unene wa milimita 1, joto linatoka katikati ya mwale na kufika ukutani kwa muda wa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Kwa hiyo ule mwako wa mara moja unaofifia papo hapo ni joto la fuwele yenyewe, hakuna kitu kingine kwenye meza yako chenye mwendo huo. Mita yako ya nguvu, kama ni ya aina inayopima kwa joto, haiwezi hata kuliona tukio hilo, inachukua sekunde nzima au zaidi kuamka. Tumia fotodayodi (kihisi cha mwanga chenye kasi) na osiloskopu inayochora ishara yake, upate picha ya kile kilele cha mwanzo na mteremko wake.

Kushuka kwa nusu saa, kutoka wati 2 hadi 1.6, ni habari nyingine. Fuwele ilishatulia zamani. Kinachotembea kwa mwendo wa dakika ni chuma: kitako cha tanuri kinachopashwa toka upande wa mwale, fremu ya lenzi, au kile kizibo kinachomeza infraredi iliyobaki, ambacho watu wengi hukiweka sentimita chache nyuma ya tanuri na kukisahau, hali kinameza wati 7 au 8. Au ni leza yenyewe. Nafasi ya urefu wa wimbi kwa fuwele yako ni kama sehemu moja ya kumi ya nanomita, na leza ya faiba inapopata joto inaweza kusogea kiasi hicho bila wewe kuona chochote kwenye mita. Inaweza pia kugeuza kidogo mwelekeo wa mtetemo wa mwanga wake, na PPLN inataka mtetemo uwe kwenye mhimili mmoja tu. Pima infraredi ikiwa imepita kwenye polaraiza, kichujio kinachopitisha mtetemo wa mhimili mmoja, kwa nusu saa nzima, kabla hujailaumu fuwele.

Kuna mwendo wa tatu, wa siku na wiki, ambao hata ukirekebisha tanuri haurudi. Huo ndio unaostahili kuitwa uharibifu. Kwa maelezo yako sijauona.

Sasa tunaweza kueleza kile kitendawili cha kuwasha upya. Kwenye 46.6 ulikuwa na wati 2.6 kwa sababu kijani chenyewe kilikuwa kinaipasha njia yake hadi ifike 47.3. Ulipozima leza, joto hilo likaondoka, fuwele na chuma chake vikashuka hadi 46.6 halisi, ambayo ni mbali na kilele. Ukawasha: kijani kidogo, kwa hiyo joto dogo, kwa hiyo kijani kidogo. Kinapanda polepole kwa sababu kila wati ya ziada inaipasha fuwele kidogo na kuisogeza karibu na kilele, huku chuma kikijikokota nyuma. Kwa nguvu kubwa zaidi ya hii yako, mzunguko huo unaweza hata kukwama chini kabisa, mpaka upandishe tanuri ndipo uzinduke.

Hapa kuna jambo la vitendo ambalo sijaliona kwenye maelezo ya wauzaji, nalo ni hili: kilele kina upande mpole na upande wa genge. Ukija kutoka joto la juu ukishuka, kijani kinavyoongezeka kinaipasha fuwele na kupinga kushuka kwako, kwa hiyo unakwenda taratibu na mfumo unajishika wenyewe. Ukivuka kilele upande wa baridi, kijani kinapungua, joto linapungua, fuwele inapoa zaidi, kijani kinapungua zaidi, na unaporomoka. Kwa hiyo kila siku anza na 47.3, fungua shata kwa nguvu yote, subiri dakika chache, kisha shusha tanuri kwa hatua za nyuzi 0.05. Simama kidogo kabla ya kilele. Ukiona 2.6, usitamani 2.65. Asilimia mbili hizo ndizo zitakazokuangusha feni ya maabara ikigeuka.

Msimamizi wako sasa. Wengi wanaamini kwamba mwale ukiwa mpana joto linapungua sana, na inaonekana ni akili ya kawaida. Hesabu inasema vingine. Joto la katikati linategemea logarithi ya uwiano kati ya unene wa fuwele na upana wa mwale. Fokasi inayotoa kijani kingi zaidi, kwa hesabu ya Boyd na Kleinman ya mwaka 1968, kwa fuwele yako ni nusu-kipenyo cha mikromita 24 hivi. Ukilegeza hadi 40, joto la katikati linapungua kwa sehemu moja ya saba, basi, na kwa hiyo sehemu moja ya saba umelipa karibu robo ya ufanisi. Biashara mbaya, ukiitazama hivyo tu.

Ila kuna faida mbili ambazo si za joto la wastani. Ya kwanza ni lenzi ya joto. Katikati pakiwa na joto kuliko pembeni, fuwele inakuwa lenzi inayosogeza fokasi yako mwenyewe, na nguvu ya lenzi hiyo inapungua kwa mraba wa upana wa mwale. Toka 24 hadi 40 inadhoofika karibu mara tatu. Ya pili ni kwamba kijani kikali kinaifanya lithiamu niobeti ianze kufyonza infraredi ambayo kwa kawaida ingeiachia ipite. Oksidi ya magnesi, ambayo kwa kawaida huwekwa kama asilimia 5 ya moli, imepunguza sana tabia hiyo, haijaimaliza. Mwale mpana unaikinga. Kwa hiyo ukiona doa la kijani linabadilika umbo kadiri nguvu inavyopanda, linavimba au linaota pete, mfuate msimamizi wako. Kama umbo halibadiliki, bakia na fokasi yako na ucheze na tanuri.

Kabla ya yote hayo fanya vipimo viwili, vyote ni vya mchana mmoja.

Kimoja ni grafu ya kijani dhidi ya joto la tanuri, kwanza kwa wati 1, kisha kwa wati 10, nyuzi 3 juu na nyuzi 3 chini ya kilele, ukija toka juu. Usipunguze nguvu kwa kupunguza mkondo wa leza, maana unabadilisha na mambo mengine. Weka bamba la nusu-wimbi, linalogeuza mwelekeo wa mtetemo, na polaraiza, leza ikiendelea na wati zake 10. Kwa wati 1 unatakiwa kuona kilele kilichosimama sawa pande zote, upana wa nyuzi 1.2 hivi, na urefu wa miliwati 30 au zaidi. Ukiipata hiyo, fuwele yako ni nzima, na muuzaji umeshamjibu. Ukiona kilele kipana kilichopasuka vipande viwili hata kwa wati 1, ama tanuri lako lina joto tofauti mwanzo na mwisho, ama mizunguko ya fuwele haikutengenezwa vizuri. Igeuze fuwele kichwa mkia: kasoro ikigeuka nayo ni ya fuwele, ikibaki pale pale ni ya tanuri. Grafu ya wati 10 itakuwa imelala upande mmoja kama wimbi linalotaka kuvunjika, na umbali kati ya vilele viwili ndio joto ambalo kidhibiti hakilioni.

Cha pili nakipenda zaidi kwa sababu hakina ubishi. Weka gurudumu la kukata mwale kabla ya lenzi, mahali ambapo mwale bado ni mpana, likifungua milisekunde 1 katika kila 20. Wakati wa kufunguliwa fuwele inapata wati 10 kamili, kwa hiyo nguvu ya kubadilisha masafa ni ileile. Ila joto la wastani ni sehemu moja ya ishirini, na milisekunde 1 haitoshi kwa joto kujikusanya lote. Tanuri liwe 47.3. Soma mita, zidisha mara 20. Ukipata wati 2.5 au zaidi, kesi imekwisha, ni joto. Ukipata bado 1.6, tafuta kwingine: utando mchafu, fokasi iliyopotoka, mtetemo wa mwanga usio kwenye mhimili. Angalia tu kwamba gurudumu limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, maana linarudisha mwale kila linapopita.

Ufungaji wa fuwele nao unastahili dakika zako. Matanuri mengi madogo yanaibana fuwele kwa kijichuma cha springi juu na kuacha kando wazi. Hewa ni blanketi. Karatasi nyembamba ya indiamu, metali laini, chini na juu, ikibanwa kwa upole, inaleta ukuta wa baridi karibu na mwale pande zote mbili na kuondoa sehemu kubwa ya lile tatizo la nusu saa. Upole ni muhimu, kwani mbano wa upande mmoja unaleta msongo na msongo nao unabadilisha mwendo wa mwanga. Na funga mfuniko. Nimeona wanafunzi wakiacha tanuri wazi ili waone doa, chini ya kiyoyozi kinachowaka na kuzima.

Jambo jingine la maabara zetu: umeme. Lithiamu niobeti ikipashwa au kupoa haraka inazalisha chaji kwenye nyuso zake, na cheche zake zinaweza kuipasua. Kwa nyuzi 47 hatari ni ndogo kuliko kwa 150, lakini weka kidhibiti kisizidi nyuzi chache kwa dakika, na tanuri, kabla hata ya leza, liwe kwenye betri ya akiba. Umeme ukirudi kwa kishindo usikute kidhibiti kinasukuma joto kwa nguvu zake zote.

Ukifanya yote hayo na bado unataka zaidi ya wati 3, hapo ndipo fedha inaingia, na hakuna chaguo lisilo na maumivu. Fuwele fupi ya milimita 10 itakupa nafasi ya nyuzi 2.4 na kijani cha wati 1.5 hivi kisichoyumba. Kama kazi yako inataka utulivu kuliko nguvu, ni chaguo la heshima. Lithiamu tantaleti iliyotengenezwa kwa mfumo huohuo wa zamu inapitisha joto karibu mara mbili na inafyonza kijani kidogo, ila inabadilisha masafa kwa udhaifu, kwa hiyo utahitaji kipande kirefu, na urefu unakurudisha kwenye kubanwa. LBO, fuwele ya lithiamu triborati, inasifiwa sana, na kweli kwa joto ni malaika, inafyonza kidogo mno. Wanaoisifia wengi wana leza za mapigo, au wameizungushia vioo ili mwanga upite mara nyingi. Kwa wati zako 10 za mfululizo, ukiipitisha mara moja tu, LBO itakupa makumi ya miliwati, na tanuri lake litataka nyuzi karibu 149. Ningekuwa wewe ningebaki na PPLN hii, nikachukua kipande kidogo cha kijani kwa fotodayodi na kukiacha kisogeze tanuri polepole, kikishikilia ule upande mpole wa kilele.

Kuhusu macho sitakuwa mpole. Kijani kikishuka toka wati 2.6 hadi 1, zile 1.6 hazikupotea, zimebaki infraredi, ndani ya mwale huohuo, na jicho haliwezi kuziona wala kope haitafunga kwa ajili yake. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliwahi kueleza mwaka 2010 kuhusu kalamu ya leza ya kijani iliyouzwa bila kichujio: kijani chake kilikuwa hafifu, na infraredi iliyokuwa ikitoka ilikuwa kubwa kuliko kijani chenyewe. Kwenye meza yako hali ni hiyohiyo, kwa wati badala ya miliwati. Miwani ya kinga iwe imeandikwa 532 na 1064, zote mbili, na lile doa unaloliangalia likiwaka na kufifia liangalie kwa kamera.

Mwite mtu mwenye uzoefu aje asimame mezani nawe ukiona mojawapo ya haya: nukta nyeupe inayong'aa kwenye uso wa fuwele leza ikiwa imewaka, mlio wa kupasuka, doa jeusi kwenye utando, au mwale unaorudi kuelekea kwenye faiba. Hilo la mwisho linaweza kuua leza, ambayo ni ghali kuliko fuwele kumi. Usijaribu kusafisha utando kwa kufuata maandishi, hata yangu. Aliyewahi kufanya akuonyeshe kwa mkono mara ya kwanza.

Muuzaji umwandikie baada ya grafu zako mbili kuwa tayari, umpelekee zote, pamoja na ile ya gurudumu. Muulize ufyonzaji wa kipande chako kwenye 532. Wengi wanatangaza wa 1064 pekee, kwa kuwa ndio unaopendeza. Akisema hajaupima, mwambie anayesema fuwele imechoka anatakiwa awe ameupima.